Pasi ya Jumamosi Jioni: Kisa cha Baba na Mwanawe wa Mbagala

Baba na mwanawe wa kiume, Walutheri wote wawili, walikaa karibu mwaka mzima bila kusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Katika muda huohuo, kila Jumamosi jioni, kijana alipanda daladala kutoka Ilala mpaka Mbagala, akaingia sebuleni kwa wazazi wake, akatandika blanketi juu ya meza na kumpigia baba yake pasi shati na suruali ya ibada ya kesho. Akimaliza nguo anavipiga viatu kiwi. Kisha anaaga na kurudi kwake. Yeye mwenyewe kesho yake haendi kanisani.

Mama ndiye aliyelifikisha jambo hili kwa watu wa jumuiya, na wao wakaitisha kikao na kuniomba nikae kama mtu wa kati. Majina nayaacha, na alama chache nimezibadili, wenyewe wameridhia. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu karibu kila aliyekisikiliza alikisoma kwa namna moja: kijana kaasi, mzee kakaza shingo. Mimi nadhani kilisomwa kinyume. Katika nyumba ile ya watoto watano, huyu ndiye aliyemfuata baba yake kwa karibu kuliko wote, na ugomvi wao ni wa watu waliosoma shule moja.

Kisa chenyewe

Mzee ana miaka sabini kasoro. Alizaliwa Njombe, mtoto wa mwinjilisti, akaja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sabini kutafuta maisha, akaajiriwa ukarani katika shirika moja la umma na kukaa humo mpaka kustaafu. Ni mzee wa kanisa wa siku nyingi. Ukimkuta nyumbani Jumatano mchana, umeme umekatika na feni imelala, utamkuta kachomekea na mkanda kiunoni. Wajukuu wanamtania kwamba hata kitandani anaingia hivyohivyo.

Kijana ni kitinda mimba, miaka ishirini na saba. Kapata kipaimara, kaimba kwaya ya vijana, kamaliza kidato cha nne, kisha akaingia kwenye biashara ya mitumba pale Karume. Aliuza makoti na mashati ya kiume. Wenzake wanamsifu kwa jicho na vidole: belo likifunguliwa alfajiri, anajua kwa kugusa tu lipi ni sufu na lipi linajifanya sufu. Soko lile lilipoungua Jumapili ya Januari 16, 2022, mzigo wake wote ulikwenda. Tangu hapo akaacha kuuza akaanza kushona. Ananunua koti la mtumba, analifumua, analipunguza, analitia bitana ya kitenge, na kuwauzia vijana wa mjini na mabwana harusi wasiotaka kufanana na mabwana harusi wengine. Anachoshona ndicho anachovaa: suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu, moka bila soksi, koti lenye kola ya kitenge, shati nje, dredi fupi zimefungwa kisogoni.

Jumapili iliyozaa haya yote, kijana alikuwa amepangiwa kusoma somo la kwanza. Alifika mapema. Mlangoni mzee wa zamu, mwenzake baba katika baraza la wazee, akamshika mkono na kumwambia kwamba hawezi kusimama mbele ya madhabahu shati likipepea na kichwa kile. Arudi nyumbani akachomekee; somo litasomwa na mwingine. Waumini waliokuwa wakiingia walisikia. Baba naye alikuwa hatua chache nyuma, amebeba mifuko ya sadaka, na alisikia kila neno. Hakusema kitu. Kijana alimgeukia, akangoja kidogo, kisha akatoka getini.

Kila mmoja na lake

Mzee wa zamu alinieleza kwamba alitekeleza utaratibu uliobandikwa mlangoni. Nilikwenda kulisoma bango lenyewe. Karibu lote linawahusu wanawake: sketi fupi, mgongo wazi, nguo za kubana. Kuhusu shati la mwanamume kuwa ndani au nje halisemi lolote. Hilo nalitaja tu na kupita, maana hata lingesema, kisa kisingebadilika sana.

Kijana naye hakuwa na neno na yule mzee. "Yule simlaumu, ndivyo anavyojua," aliniambia. "Dingi aliona." Nilimwuliza kwa namna tofauti tofauti, na kila mara alirudi palepale: dingi aliona, dingi alinyamaza.

Nilipomfuata baba alichukua muda kujibu. Kisha akanisimulia jambo ambalo hata mkewe hakuwa akilijua. Miaka michache nyuma yeye ndiye aliyekuwa zamu, na kijana wa familia nyingine alipofika na kofia na suruali ya kata K, ile inayoshushwa chini ya kiuno, alimrudisha. Mama wa kijana yule alilia palepale uani. "Sasa wa kwangu nimpitishe kwa sababu ni wa kwangu? Watu wangesema mzee anawatungia sheria watoto wa wenzake." Kwa hiyo kunyamaza kwake, kwa hesabu yake, kulikuwa ni haki. Alijiadhibu kwa kupitia kwa mwanawe. Tatizo ni kwamba kijana hakuwa na namna ya kuijua hesabu hiyo, na baba hakuona sababu ya kumfafanulia mtoto.

Kinachofanya kimya kile kiumize zaidi ni ile Jumapili ya moto wa Karume. Mzee huyu, ambaye hata malaria haikuwahi kumkosesha ibada, siku ile hakwenda. Habari zilimfikia akiwa tayari amevaa. Alipanda gari moja kwa moja mpaka Ilala, akamkuta mwanawe amesimama penye mabati yaliyojikunja, akavua koti, akalikunja upande wa bitana ukiwa nje, akampa mtu amshikie, kisha akaanza kufukua naye. Hawakupata kitu cha maana, vifungo na zipu tu. Kijana aliponisimulia hilo alisema, "Anajua kuacha ibada kwa ajili yangu. Nimemwona." Ndiyo maana pale mlangoni alingoja kidogo kabla ya kuondoka. Alikuwa anamngoja mtu aliyekwisha kumwona mara moja.

Koti lililoshuka kutoka milimani

Watu wa kikao walitaka tufike haraka kwenye msamaha. Mimi nilitaka kwanza tuelewe nguo, kwa sababu nyumba ile haina lugha nyingine.

Njombe kuna baridi. Juni na Julai asubuhi baridi ile inaingia mpaka kwenye mifupa, na koti kule ni kitu cha lazima kabla halijawa urembo. Babu yake kijana, yule mwinjilisti, alikuwa na koti moja tu la ibada, na vijana wa nyumba walipokezana Jumamosi kulipiga brashi na kuandaa pasi ya mkaa. Mzee wetu alifanya kazi hiyo akiwa mtoto. Mwanawe hakubuni jambo lolote, aliipokea zamu.

Walutheri wengi wa Dar es Salaam ni watu wa asili hiyo. Wametoka Njombe, Makete, Machame, Upareni, wakashuka na makoti yao mpaka pwani. Sasa, mjini hapa mwezi Februari, joto likiwa nyuzi 32 na kanisa limejaa, hali ya hewa haimlazimishi mtu yeyote kuvaa koti. Anayelivaa analivaa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya majirani, na kwa wazee wa rika lile si rahisi kuwatenganisha hao wawili. Jasho lenyewe limekuwa sehemu ya sadaka.

Juu ya hapo kuna uhaba. Mzee alifunga ndoa mwaka 1985. Anayekumbuka miaka ile anajua maana ya kupata kitambaa cha suti. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiacha nchi haina fedha za kigeni, viwanda vya nguo kama Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, vilihangaika, na madukani rafu zilikuwa tupu. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, na hata waliokuwa na bidhaa wakaogopa kuonekana nazo. Milango ya kuingiza bidhaa ilianza kulegezwa mwaka 1984, na mitumba ikaanza kumiminika. Suti ya harusi ya Mzee, ya kijivu, vifungo vitatu, ilipatikana katikati ya mambo hayo, kitambaa kwa mtu na pesa kwa mwingine, na fundi wa Kariakoo akakaa nayo mpaka wiki ya harusi. Mtu aliyevaa kwa njia hiyo haoni shati lililochomekewa kama fasheni. Anaona kwamba hakukata tamaa.

Nataja na jambo jingine ambalo watu wa kanisani huwa wanashangaa nikilisema. Desturi ya kumsimamisha mtu na kumkagua nguo haikutoka kwenye Biblia peke yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyolenga kuzipiga marufuku mini, mawigi na suruali za kubana hapa Dar es Salaam kuanzia Januari 1, 1969. Mzee alikuja mjini miaka kadhaa baadaye, lakini alikuja kwenye mji ambao tayari umeshazoea kwamba mavazi ya kijana ni shauri la umma, na kwamba mwenye cheo mlangoni ana haki ya kusema. Mzee wa zamu alipomshika kijana mkono, mkono ule ulikuwa na historia mbili ndani yake.

Kijana amezaliwa mwaka 1998, katika mji wa belo. Kwake kitambaa si adimu hata kidogo. Kwa elfu tano anaweza kuokota koti lililoshonwa Italia, na kesho yake akaokota jingine. Mahali ambapo kila mtu anaweza kuvaa, heshima haiwezi tena kutoka kwenye kuwa na koti. Inatoka kwenye kuchagua, kufumua, kukesha na mkasi. Lile koti alilovaa siku ya somo alilishona kwa wiki mbili, kwa ajili ya somo. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya uzi. Mzee alipolisikia hilo kikaoni ndipo niliona ameinua kichwa.

Hapa ndipo nilipokata shauri kuhusu kisa hiki. Kijana asiyejali angekwenda kanisani na fulana, na angerudi nyumbani bila kuumia. Huyu aliumia kwa sababu aliamini alichofundishwa: kwamba kinachoingia ndani ya nyumba ya Mungu lazima kiwe kimemgharimu mtu. Baba alileta gharama ya kutunza. Mtoto akaleta gharama ya kutengeneza. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kuitambua.

Katekisimo juu ya meza ya pasi

Nikaulizia zile Jumamosi zilianzaje. Mama akasema kijana alianza kushika pasi akiwa darasa la tano, anasimama juu ya stuli. Baba anakaa pembeni na kumuuliza maswali ya kipaimara hata kabla hajaandikishwa darasani. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 alikusudia ifundishwe nyumbani, na vichwa vya sehemu zake vinamtaja baba wa nyumba kuwa ndiye mwalimu. Wengi wetu tumemwachia mwinjilisti kazi hiyo. Mzee huyu hakumwachia. Aliuliza amri, kisha lile swali linalorudi baada ya kila amri: maana yake nini? Mtoto anajibu huku anapitisha pasi kwenye mkono wa shati. Akikosea, anarudia jibu na anarudia mkono wa shati.

Kijana alinichekesha aliposema kwamba mpaka leo, akiwa kwenye fremu yake ya duka na mteja amesimama mbele yake, hawezi kunyoosha kola bila Amri ya Nne kumjia mdomoni. Kwa Walutheri Amri ya Nne ni ile ya kuwaheshimu baba na mama. Makanisa mengine huihesabu kuwa ya tano. Basi ukiniuliza kwa nini aliacha ibada lakini hakuacha pasi, jibu langu ni kwamba darasa lake la imani halikuwa kwenye benchi la kanisa. Lilikuwa pale mezani, na pale mezani hakuna aliyemfukuza.

Wanakikao walioiona ile pasi kama unafiki, wakisema "anajipendekeza ili arithi kiwanja", walinikera, na niliwaambia.

Mistari iliyorushwa

Kikao cha Wakristo hakikosi Biblia, na hiki kilikuwa nayo kwa wingi. Mzee wa zamu alisoma Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya pili, mstari wa tisa, kuhusu mavazi ya kujisitiri. Dada mmoja alimkumbusha kwa upole kwamba mstari ule unasema na wanawake. Kijana alikuja na ule anaoupenda kila kijana, 1 Samweli 16:7, kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje bali Bwana hutazama moyo. Kwa mdomo wake haukukaa vizuri. Mtu aliyelishona koti wiki mbili kwa ajili ya Bwana hawezi tena kudai kwamba Bwana hatazami koti.

Baba aliegemea Mathayo 22, yule mgeni aliyekutwa hana vazi la arusi, akatekewa alipoulizwa, akatupwa nje. Huo ndio mstari wenye uzito, na anayeutumia anastahili kujibiwa. Kijana alijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema wageni wale waliokotwa njia panda, waovu kwa wema, na aliyeuliza habari ya vazi alikuwa mfalme mwenyewe. Hakuna mtumwa aliyesimama mlangoni kumuulizia. Kikao kilinyamaza. Baba alikohoa, nami nikajua ni kikohozi cha mtu aliyefurahi na hataki ionekane. Nani aliyemfundisha kijana kujibu hivyo kama si yeye?

Kisha, kama ilivyo ada, mtu akaleta mwana mpotevu. Mimi naupenda ule mfano, lakini katika vikao vya familia tunautumia kama dawa ya kila ugonjwa, na hapa ulikuwa ni dawa ya mtu mwingine. Kijana wa Luka 15 alikwenda nchi ya mbali akala mali. Wetu alikuwa anafika kila Jumamosi saa kumi na moja jioni na kopo la kiwi. Hakuna aliyehitaji kupiga mbio barabarani kumlaki, maana alikuwa ndani.

Niliwapa kisa kingine, 1 Samweli 17, Daudi anapokwenda kumkabili Goliathi. Sauli anamvika mavazi yake mwenyewe, kofia ya shaba na deraya, kwa nia njema kabisa. Daudi anajaribu kutembea, anaona hayamwendei kwa kuwa hajayazoea, anayavua, anaondoka na fimbo na kombeo. Ninachokipenda ni kwamba siku ile Sauli hakugomba. Alimwacha aende na vyake. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Daudi alikuwa anakwenda vitani, Mwalimu. Huyu alikuwa anakwenda kusoma somo." Watu walicheka, nami pia.

Lakini hoja iliyomgusa, nadhani, ilikuwa ile ya kitambaa cha madhabahu. Nilimuuliza ni nani anayekipiga pasi. Akasema akina mama wa zamu, na hawaruhusu hata mkunjo. Zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe Pasaka, kijani sehemu kubwa ya mwaka. Kanisa linaloivalisha meza ya Bwana rangi kwa majira haliwezi kumwambia kijana mwenye jicho la rangi kwamba hayo ni mambo ya kihuni. Ama tuseme nguo haina maana mbele za Mungu, na tukiondoe kitambaa. Ama tuseme ina maana, na tumsikilize mtu anayeijua.

Mama naye alikuwa na silaha yake. Alitoa kwenye pochi picha ya Mzee mwaka 1979, kavaa suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, na nywele za afro zimejaa fremu nzima ya picha. Alidhani itamaliza kesi. Kwenye hadithi huwa inamaliza. Hapa Mzee aliitazama, akasema, "Na baba yangu alinikatalia kuingia nayo kanisani, na nikatii," na picha ikarudi kwenye pochi.

Kikao kiliisha kwa sala na soda. Hakuna kilichopatana. Nilikuwa nimetegemea hivyo, maana watu wa nyumba ile hawajawahi kumaliza jambo kwa maneno ya mbele za watu.

Futi kamba

Mwaka 2025 ndoa ya wazazi ilikuwa inatimiza miaka 40, na usharika uliwapangia ibada ya shukrani. Mzee alitaka kuivaa ileile suti ya kijivu. Kwa miaka mingi ilikuwa imemkataa kwa unene. Sasa kisukari kimempunguza na ilikuwa inampwaya mabegani kama ya kuazima. Hakumwomba mtu. Jumamosi moja kijana alipofika aliikuta imetundikwa kwenye kiti, karibu kabisa na meza ya pasi, mahali ambapo haijawahi kukaa.

Aliiona, akamaliza shati, akamaliza suruali. Kisha akatoa futi kamba kwenye begi na kusema, "Baba, inua mikono."

Mama alikuwa jikoni na mlango uko wazi, kwa hiyo mengine haya ni kwa ushahidi wake. Mzee aliinua mikono. Kijana akapitisha kamba kifuani, akasogea nyuma, akasoma namba kwa sauti ya chini kama wafanyavyo mafundi, akaandika kwenye kiganja kwa peni. Kiuno. Bega. Urefu wa mkono, kutoka begani mpaka kwenye fundo. Mtoto huyu hakuwa amemgusa baba yake mwilini tangu ule msiba wa shangazi. Walipomaliza akaigeuza suti, akaifumua bitana kidogo kwa wembe kuona mshono, akasimama.

"Huyu fundi alikuwa anajua," alisema.

Ndani ya mishono yule fundi wa Kariakoo alikuwa ameacha kitambaa kingi cha akiba, upana wa vidole viwili kila upande, ili mwenye suti akinenepa iongezwe. Mafundi wa wakati wa uhaba walifanya hivyo. Wa sasa wanakata karibu na mshono. Mzee alisogea kutazama. Miaka yote arobaini hakujua kwamba kitambaa kile kimo mle ndani. Akaanza kusimulia habari za fundi yule, duka lake, redio yake, jinsi alivyokuwa akimzungusha "njoo kesho". Alisimulia mpaka daladala za mwisho zikawa za wasiwasi na kijana akalala palepale. Katikati ya masimulizi hayo, bila kubadili sauti, Mzee akasema, "Siku ile mlangoni nilinyamaza." Kijana akasema, "Najua, Baba." Mzee akaendelea na habari za fundi.

Kuna watakaosema haitoshi, samahani iko wapi. Mimi sikuidai. Kwa mwanamume wa Njombe wa rika lile, kulitaja jambo mwenyewe, bila kuulizwa, mbele ya mtoto, ni hatua kubwa, na kijana aliipokea kwa kipimo hicho. Ninayewashauri siwezi kuwalazimisha wapatane kwa lugha yangu.

Kuhusu kile kitambaa cha akiba, kijana alitaka kukikata ili suti ikae safi. Mzee akakataa. Kikakunjwa na kushonewa ndani tena.

Walipo sasa

Siku ya shukrani kijana alikuja. Koti la kola ya kitenge, dredi kama kawaida, shati nje. Alivaa soksi. Mama anaapa kwamba Mzee ndiye aliyezinunua, na Mzee hajakanusha. Mzee wa zamu wa siku ile mlangoni alimpa mkono na kumwambia karibu, na wala sikudhani angesema zaidi.

Somo hajasoma bado. Anahudhuria ibada ya pili, baba yake ya kwanza, na sioni ubaya. Mzee alipeleka kwenye baraza la wazee pendekezo kwamba yeyote mwenye neno na mavazi ya msomaji amwambie katikati ya wiki, nyumbani kwake, na kwamba mlangoni asirudishwe mtu. Alianza kwa kumtaja yule kijana wa kofia aliyemrudisha yeye mwenyewe. Wenzake wamelifikisha kwa mchungaji na liko huko. Bango halijaondolewa.

Jumamosi bado kijana anakwenda. Tofauti ni kwamba sasa wanabishana. Mzee ameanza kuwapeleka kwake wazazi wa watoto wanaojiandaa kwa kipaimara, wakashonewe mashati meupe, halafu anarudi nyumbani analalamika kwamba bei ni ghali, na kwamba fundi wake wa mwaka 1985 hakuwa anatoza hivyo. Kijana amemjibu kwamba fundi wa mwaka 1985 hakuwa analipa kodi ya fremu Ilala, miezi sita kwa mkupuo.